Machozi Meusi ya Meneja

Kuna mabenchi, na kuna benchi la Wembe. Mabenchi mengine ni ya kukalia. Hili ni la kushindia. Ni mlango wa zamani, tundu la kitasa bado lipo, umelazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, na hajapata kutokea mtu aliyeukalia akaondoka bila kuongeza akili au kuchana suruali. Mwenye kibanda ni Wembe mwenyewe, kinyozi mwenye mkono mwepesi hata watu husinzia akiwanyoa. Wazee huingia kwake na mvi wakatoka wakiitwa "kijana" na watoto wao wa kuzaa. Kulia kwake hukaa Mitambo, fundi redio, ambaye tangu azaliwe hajakutana na jambo asilolielewa. Kushoto hukaa Hakimu, aliyekuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na saba, akabeba mafaili mengi mpaka sheria ikamwingia kupitia mabegani. Mbele yao, juu ya kigoda, Shangazi na birika lake kubwa la kahawa, na jingine dogo la maji ya moto ya kusuuzia vikombe. Na mlangoni, kidevu juu ya kizingiti, hulala Meneja, mbwa wa Wembe, aliyeitwa hivyo kwa sababu hafanyi kazi yoyote ila hakuna kazi inayofanyika asipoitazama. Mchana ule Meneja alikuwa amelala vile vile. Aliyebadilika ni bwana wake. Wembe alikuwa ameketi kwenye ncha ya benchi kama mgeni ukweni, na kila baada ya muda kidogo mkono wake ulikwenda kugusa mfuko wa shati.

— Itoe, alisema Hakimu. Karatasi yenye muhuri ikikaa mfukoni inaoza.

— Nani kakwambia ina muhuri?

— Nimeona umbo lake. Mimi karatasi yenye muhuri naijua hata ikiwa ndani ya sanduku.

— Ni ya mbwa tu, Hakimu.

— Basi mbwa ana jambo na serikali. Itoe.

Wembe akaitoa. Angefanyaje? Mtaa mzima ulijua majibu yametoka asubuhi. Jumamosi iliyopita watu wa mifugo walikuja na gari jeupe, wakapanga meza kwenye uwanja wa shule, wakatangaza kwa kipaza sauti kwamba kila mwenye mbwa amlete akapimwe damu. Ugonjwa wenyewe uliitwa lishmania. Mbwa watatu wa mtaa wa nyuma walikuwa wamekwisha kufa, wa mwisho akiwa mbwa wa fundi bati, aliyekonda mpaka kivuli chake kikaonekana kinene kumpita. Leo saa kumi jioni meza zile zingekunjwa, gari lingeondoka, na halikutarajiwa tena mpaka miezi sita ipite.

Hakimu alivaa miwani yake yenye mkono mmoja, akakohoa kikohozi cha mahakamani.

— "Jina la mbwa: Meneja. Mwenye mbwa: kinyozi. Kipimo cha kingamwili za lishmania..."

Akaisogeza karatasi karibu na macho.

— Soma, alisema Mitambo.

— "Zimeonekana."

Kahawa iliyokuwa inamiminwa ilikatika njiani. Shangazi alimtazama mbwa, akamtazama Wembe, kisha akamalizia kumimina polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

— Subirini, kuna mstari wa chini, alisema Hakimu. "Dalili za ugonjwa: hakuna. Arudishwe kupimwa baada ya miezi sita."

— Sasa hapo anaumwa au haumwi? aliuliza Shangazi.

Wote wakamgeukia Wembe. Yeye ndiye aliyeongea na daktari.

— Yule mama daktari kasema hivi, alianza, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko alivyoituma. Kingamwili ni kama askari. Mwili wenyewe unawatengeneza ukikutana na kijidudu. Ukiwakuta kwenye damu, ujue kijidudu kiliwahi kuingia. Lakini hawakwambii kama kimelala, au kimeondoka, au kinakula. Kwa hiyo unatazama na mbwa mwenyewe. Akiwa na askari na hana dalili, anasubiriwa, anapimwa tena.

— Na akiwa na askari na dalili?

Wembe alipuliza kahawa ambayo haikuwa ya moto.

— Huyo ni mgonjwa. Anatakiwa aanze dawa mapema, kabla figo hazijaharibika. Zikishaharibika, kasema, wao hawana namna.

— Alhamdulillahi, Meneja hana dalili, alisema Shangazi.

— Karatasi inasema hana, alisema Wembe.

Na hapo ndipo penye kidonda cha hadithi hii. Karatasi ilisema kweli, kwa sababu iliandika ilichoonyeshwa. Aliyeificha kweli ni Wembe.

Ilianza miezi miwili nyuma, kwa mba. Unga mweupe ulitokea mgongoni mwa Meneja, ukawa unapukutika akijikung'uta. Mbwa wa fundi viatu anaweza kutembea peku na watu wakacheka wakapita. Lakini mbwa wa kinyozi kuwa na mba mlangoni kwa kinyozi? Hiyo ni kufunga biashara. Wembe akamwosha kwa sabuni ya nazi, akampaka gilisarini mpaka akang'aa. Kisha nywele za kuzunguka macho zikaanza kudondoka, zikaacha duara mbili za ngozi tupu, kama miwani. Wembe akachukua ile rangi nyeusi anayowapaka wazee wanaotafuta ujana, akazichora nyusi za mbwa kwa ncha ya kiberiti. Kisha kucha. Kucha za Meneja ziliota kama zimetiwa mbolea, zikajikunja, akitembea sakafuni ilikuwa kama karani anachapa barua. Wembe akazikata, akazipiga tupa. Alichukia kuona kitu kibaya, na mkono wake ulijua kukiondoa kabla kichwa hakijauliza kimetoka wapi.

Ijumaa, siku moja kabla ya kupimwa, alimhudumia Meneja tangu asubuhi. Alimpuliza manyoya kwa mashine ya hewa ya moto mpaka mbavu zikazama. Kwenye foleni ya mbwa sitini, hakuna aliyependeza kama yeye, na Wembe alitembea naye kama baba wa bwana harusi. Daktari alibonyeza shingo ya mbwa, akabonyeza nyuma ya goti, vidole vikasita.

"Anakula vizuri?" aliuliza daktari.

"Kuliko mimi," alijibu Wembe.

"Kucha zake huwa fupi hivi?"

"Tangu azaliwe."

Foleni ilikuwa ndefu na mbwa wa nyuma walikuwa wameanza kugombana. Daktari akaandika: hakuna.

Asubuhi ya leo Wembe alirudi na majibu, akamtazama Meneja, akaona zile duara zimerudi, pana zaidi. Na unajua alifanya nini? Alikoroga rangi, akapaka upya haraka haraka, hakungoja hata ikauke, kwa sababu benchi lilikuwa linakaribia kujaa.

— Nyuma ya karatasi kuna orodha ya dalili, alisema Hakimu. Tumsomee mshtakiwa mashtaka yake. Haki itendeke, na ionekane.

— Haina haja, alisema Wembe.

— Ina haja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hiyo inahusu nini hapa? aliuliza Mitambo.

— Mbwa ana miguu minne. Inamhusu mara nne. Shtaka la kwanza: kukonda.

Wote wakainama kumtazama Meneja. Meneja akafungua jicho moja, akalifunga.

— Amekonda wapi, alisema Mitambo. Manyoya yale, ukimvika kiatu anaingia benki.

— Limefutwa. La pili: "Ngozi kutoa magamba au unga mweupe."

— Anang'aa kama meza ya wageni.

— Limefutwa. La tatu: "Nywele kudondoka, hasa kuzunguka macho."

— Hebu tazama nyusi zile, alisema Shangazi. Mimi na wanja wangu wote sijawahi kuzipata.

Wembe alicheka pamoja nao. Alisikia kicheko chake kikitoka, akashangaa ni cha nani.

— La nne: "Kucha kurefuka kupita kawaida."

— Fupi kuliko zangu.

— Limefutwa. La tano: "Kutokwa damu puani."

Hapo Mitambo na Shangazi wakamgeukia mwenye mbwa, maana damu ya pua haionekani kwa kuangalia tu. Wembe aliona mbele ya macho yake gunia la kulalia la Meneja, na matone matano ya juzi, yaliyokauka yakawa kama mbegu. Mjukuu wake ndiye aliyeyaona kwanza. "Babu, Meneja amemwaga nini?" Akamjibu ni rangi ya nywele, akalifua gunia kabla chai haijachemka. Mjukuu ana miaka sita. Mama yake alimwacha kwa babu akaenda kutafuta kazi, na tangu hapo mtoto na mbwa ni chungu na kifuniko.

— Haijatoka, alisema Wembe.

— Kwa kiapo?

— Hakimu, kunywa kahawa.

— Limefutwa. La sita sijui tutaliamuaje: "Tezi kuvimba shingoni na nyuma ya magoti." La saba: "Vidonda kwenye ncha za masikio."

Ncha ya sikio la kushoto ilikuwa chini ya poda ya kunyolea. Mitambo aliitazama, akasema amependeza, ananukia kama mteja wa Ijumaa. Hakimu akaikunja karatasi, akaigonga gotini.

— Dalili ya mvua ni mawingu. Mbwa huyu hana wingu hata moja. Mshtakiwa yuko huru.

Mtu aliyeachiliwa hufurahi. Wembe alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo, mchana wa jua kali, kama vile ni yeye aliyehukumiwa.

— Ila mimi hizo kingamwili zinanisumbua, alisema Mitambo, na benchi likajua safari imeanza. Mnajua kile kipimo kinavyofanya kazi? Ni antena. Unaweka tone la damu kwenye kile kiplastiki, unangoja. Mstari mmoja, hakuna stesheni. Mistari miwili, stesheni imeshikwa. Lakini antena nzuri haishiki ya nyumbani peke yake. Niliwahi kutengeneza redio ya mtu ikashika mazungumzo ya meli. Hapa kuna meli?

— Hapa hata bwawa hakuna, alisema Shangazi.

— Basi. Meneja kashika ugonjwa wa mbwa wa mbali huko. Yeye ni antena tu. Ukimpeleka bondeni, ambako redio haishiki, mistari inafutika.

— Napinga, alisema Hakimu. Kingamwili ni mashahidi. Kuwepo kwa shahidi si kuwepo kwa kosa. Nimebeba faili la mashahidi arobaini kwa kesi ya kuku mmoja, na kuku akakutwa hai, tena ametaga.

Wembe aliinua kichwa. Katika maneno yote ya mchana ule, hayo yalikaribia kufanana na ya daktari.

— Kwa hiyo unaona hana neno?

— Sijasema hivyo. Shahidi hakai bure, kinyozi. Shahidi huitwa. Na wa aina hii haendi kwa miguu yake. Lile gari jeupe, umeliona nyuma limefungwa hivi? Unadhani kwa nini waliandika jina la mwenye mbwa na rangi ya mlango wake?

— Hawakuandika rangi ya mlango.

— Waliiandika, ila hawakukuonyesha.

— Wanawapeleka wapi? aliuliza Mitambo, ambaye hakupenda kuuliza lakini ilimtoka.

— Kuna nyumba. Haina madirisha. Mbwa wenye mistari miwili wanaingia, inayotoka ni mikanda ya shingoni. Inatoka imepangwa kwa ukubwa.

— Nani kakwambia?

— Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na hili limeshakuja, limeegesha shuleni.

Mitambo alisogeza kikombe. Hakuwa mtu wa kushindwa na nyumba isiyo na madirisha.

— Na yule mbwa wa fundi bati, mnaambiwa alikufa. Nani alimwona amekufa? Yule alibadilishwa. Walimchukua mzima, wakarudisha yule mwembamba, ili mtaa uogope. Mbwa akishapimwa, kivuli chake kinabaki kwenye kile kiplastiki. Sasa mbwa asiye na kivuli ataachaje kukonda?

— Mimi nilimwona amekufa, alisema Shangazi.

Sauti yake haikupanda. Ila kijiwe kizima kilishuka.

— Nilishika koleo. Fundi bati alikuwa hawezi, mikono imelegea. Tulipomwinua alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Macho yamezungukwa na ngozi tupu. Kucha zimejikunja kama ndoana. Fundi bati alisema alidhani ni uzee. Akasema, ningempeleka mapema. Alilisema hilo neno mpaka tukamwomba anyamaze.

Meneja aliguna usingizini, akahamisha kidevu.

— Na mnajua mimi naogopa nini? aliendelea. Siogopi gari wala nyumba. Naogopa usubi. Daktari alipita kwangu kunywa kahawa nikamuuliza. Akasema mbwa hamwambukizi mtu kwa kumgusa wala kumlamba. Ni usubi. Anamuuma mbwa mgonjwa, siku nyingine anamuuma mtu. Mdogo kuliko punje ya mtama, rangi ya vumbi, anakaa kwenye nyufa za ukuta, anatoka jua likizama. Mbu ana adabu zake, anabisha hodi. Usubi habishi.

— Mbwa wakipewa dawa na ule mkanda wenye dawa shingoni, usubi anawakimbia, alisema Wembe upesi. Daktari alisema.

— Ndiyo. Wakijulikana ni wagonjwa. Mjukuu wako analala chumba gani?

— Changu.

— Na mbwa?

— Mlangoni, alisema Wembe.

Meneja halali mlangoni. Meneja hulala miguuni kwa mtoto, na mtoto humwekea unyayo mgongoni, na ukuta wa upande ule una ufa mrefu kutoka dirishani mpaka sakafuni ambao Wembe amekuwa akiahidi kuuziba tangu mvua za mwaka juzi. Jioni za karibuni, akiwasha taa, aliona vidudu vidogo vya rangi ya vumbi vikirukaruka ukutani, hatua mbili tatu, kimya. Alivifuta kwa taulo. Mkono wake, tena, ulikuwa mwepesi kuliko kichwa.

Akatazama saa ya ukutani ndani ya kibanda. Saa tisa na dakika kumi. Shule iko umbali wa kutembea robo saa, na kwa mbwa aliyechoka ni dakika ishirini. Alijiambia: ninyanyuke. Halafu akaiona nyumba isiyo na madirisha, ambayo hakuiamini, na mikanda iliyopangwa kwa ukubwa, ambayo alianza kuiamini. Akamwona daktari akiuliza tena, kucha zake huwa fupi hivi? Akaiona mitaa minne ikisimulia kinyozi aliyempaka mbwa rangi mpaka akamuua. Akabaki ameketi.

— Hawa wakubwa wanatuficha tu, alisema Hakimu. Wanajua ugonjwa umetoka wapi. Ndiyo wahenga wakasema mficha maradhi kilio humuumbua.

Kahawa ilimwingia Wembe njia isiyo yake. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na Mitambo akampiga mgongoni akieleza kwamba hiyo pia ni dalili, ila ya redio.

— Nimekosea methali? aliuliza Hakimu.

— Hapana, alisema Wembe. Leo hujakosea.

Jua likawa limezunguka, likaingia chini ya bati la kibaraza, likampata Meneja usoni. Hakuhama. Siku hizi hakuwa na haraka ya kuhama. Mitambo aliendelea, sasa usubi alikuwa na injini ndogo ndani, na Hakimu akadai kuwa wanasajiliwa. Saa ikasema tisa na dakika ishirini na tano. Wembe alikuwa anaihesabu barabara ya shule kichwani, kona kwa kona, wakati fundi cherehani mmoja alipotokea.

Alikuwa amehamia chumba cha kona wiki ile ile. Mtaa ulikuwa haujampa jina bado. Futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni, pini mbili mdomoni, na kikombe chake mwenyewe mkononi, maana hakuwa na nia ya kukaa. Alizitoa pini, akazichomeka kwenye ukosi.

— Shangazi, hujambo. Wakubwa, shikamooni.

— Marahaba, walisema wote, na kila mmoja akavuta tumbo kidogo.

— Nijazie hiki, Shangazi, nirudi kwenye suruali ya watu.

Alisimama akingoja. Hakuwa na la kutazama ila lililokuwepo, na lililokuwepo lilikuwa mlangoni. Alitazama kwanza kama anavyotazama mtu yeyote. Kisha akainamisha kichwa, kama anavyokagua kitambaa dirishani.

— Samahani, aliuliza. Mbona huyu mbwa analia machozi meusi?

Wakageuka. Kutoka kila jicho la Meneja ulishuka mstari mweusi, ukapita shavuni, ukafika mdomoni, ukadondoka tone kwa tone kwenye kizingiti. Jua na machozi vilikuwa vimeila rangi. Juu, pale palipokuwa na nyusi za kuonewa wivu, ngozi ilikuwa imeanza kuonekana, ya kijivu, tupu, yenye magamba. Meneja aliwatazama wote kwa uso ule, akatikisa mkia mara moja.

Shangazi alirudisha kigoda nyuma. Mitambo alifungua kinywa. Benchi lilingoja. Kinywa kikabaki wazi, hakikutoka kitu, na hilo lilitisha kuliko mbwa mwenyewe. Hakimu aliikunjua karatasi upande wa nyuma, akapitisha kidole kutoka dalili ya kwanza mpaka ya mwisho, akarudia.

— Hii haimo, alinong'ona. Machozi meusi hayamo.

— Nimeuliza tu, alisema fundi cherehani. Mimi nafanya kazi na vitambaa vya rangi. Naona kama inachuja.

Gari lilipita barabara kubwa, likapiga honi, na Wembe akaruka alipokaa.

— Shangazi, alisema. Nipe birika.

— Nimimine?

— La maji.

Alichukua beseni lake la kunyolea, sabuni, na ile brashi laini ya wateja wa heshima. Akapiga magoti kizingitini. Akamwosha Meneja uso kama anavyomwosha mzee wa watu, kutoka paji kushuka, jicho likiwa limefunikwa kwa kiganja. Maji ya birika dogo yakaisha yakiwa meusi. Shangazi hakuambiwa, aliinuka akaleta yale aliyokuwa ameyabandika kwa kahawa ya pili, akayamimina kwenye beseni. Wembe akaosha sikio, poda ikatoka, kidonda kikabaki. Akaosha mgongo, na manyoya yalipolowa mbavu zikajitokeza moja moja, zikahesabika. Mitambo alizihesabu, midomo ikicheza, akaacha njiani.

— Nyusi zilidondoka mwezi juzi, alisema Wembe, bila kumtazama mtu. Kucha nilizikata Ijumaa. Zilikuwa kama alivyosema Shangazi. Damu imetoka mara mbili.

— Mara mbili, alirudia Hakimu, akavua miwani.

— Na halali mlangoni.

Shangazi aliweka kiganja mdomoni. Halafu akakitoa.

— Mtoto yuko wapi sasa hivi?

— Shuleni. Kwenye uwanja ule ule.

— Mchukue na yeye. Mwonyeshe kwa daktari. Mwulize umpeleke wapi apimwe.

— Nitamwuliza.

Alimkausha Meneja kwa taulo jeupe, lile la juu kabisa kwenye rundo. Bila rangi wala hewa ya moto, mbwa alikuwa mdogo, mzee, na sikio moja lilitoa damu kidogo ya kufutwa. Wembe alimfunga kamba. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika thelathini na nane.

— Watamchukua? aliuliza Mitambo. Hakukuwa na antena wala injini katika swali hilo. Aliuliza kama mtu.

— Sijui.

— Na kama figo...

— Sijui, Mitambo.

Fundi cherehani alikuwa bado ameshika kikombe chake kitupu. Shangazi aliinamisha birika kubwa, likatoa tone na mashapo. Kahawa ilikuwa imekwisha, na maji ya nyingine yalikuwa yanatiririka mtaroni, meusi.

Wembe alishuka barabarani. Meneja alimfuata akitembea kwa kuchagua pa kukanyaga, na kucha zake fupi hazikutoa sauti yoyote. Walikuwa wamefika kwenye nguzo ya kona Hakimu alipoona bado ameshika kitu mkononi. Akainuka, akaipunga juu.

— Kinyozi, umesahau karatasi. Watakuuliza.

Wembe aligeuka, mbwa akageuka naye, uso mtupu juani.

— Kaa nayo, alisema. Hiyo ni ya mbwa mwingine.